Kila Spea Ina Mwenyewe: Mafunzo Kutoka kwa Pikipiki Kuukuu

(Hotuba ya Ofisi ya Uhusiano wa Polisi na Jamii, iliyosomwa jijini Kampala mbele ya wajumbe wa kamati za ulinzi shirikishi kutoka maeneo ya mpakani)



Tumezoea, katika mikutano ya namna hii, kuwasomea vifungu vya sheria hadi macho yenu yanakuwa mazito. Leo tumeamua kufuata njia nyingine. Tutawasimulia habari ya pikipiki moja kuukuu ambayo ofisi yetu iliifufua kwa fedha kidogo, na habari ya aibu iliyotukaribia tukiwa katika kazi hiyo. Sheria itajitokeza yenyewe njiani, kama jiwe linavyojitokeza mvua inapoosha udongo.

Nanyi watu wa mpakani ndio mnaostahili kusimuliwa habari za pikipiki kabla ya wengine wote. Jina lenyewe la boda boda lilizaliwa kwenu. Katika miaka ya 1960, pale Busia, palikuwa na mwendo mrefu kati ya kituo cha Uganda na kituo cha Kenya, na msafiri mwenye mzigo aliteseka kuutembea kwa miguu. Vijana wa baiskeli wakaona riziki, wakawa wanawaita abiria kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilirudia mara mbili. Ulimi wa watu ukalilainisha neno hilo, baiskeli ikaja kupisha pikipiki, na leo hakuna mji wa Afrika Mashariki usiolijua. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya pikipiki, tunazungumza juu ya mtoto wenu.

Sasa tuingie katika habari yenyewe.

Nyuma ya bohari moja, katika makazi ya polisi hapa Kampala, palikuwa na pikipiki iliyoegemezwa ukutani kwa miaka mingi. Kuku walitagia juu ya kiti chake. Mmea wa kutambaa ulipita katikati ya njiti za gurudumu la nyuma ukatokea upande wa pili. Wengi wetu tulidhani ni chuma chakavu kinachosubiri kupimwa kwenye mizani. Siku moja tulipewa amri ya kusafisha uwanja ule, na koplo mmoja mkongwe akatuzuia akisema, "Afande, hiyo ina mwenyewe. Ilikuwa ya mzee wetu wa kikosi cha usalama barabarani."

Mzee huyo, ambaye kwa heshima ya familia yake hatutamtaja jina, aliinunua kwa akiba yake mwaka 1986. Hakupewa na serikali. Kwa miaka kumi na saba aliitumia kwenda kazini, na wakati wa likizo aliiendesha hadi kwao, kijiji kimoja cha wilaya ya Busia. Alipostaafu mwaka 2003 injini ilikuwa imekwama, naye akapanda basi kwenda nyumbani, akiahidi kurudi kuichukua. Maradhi hayakumpa nafasi. Alifariki dunia bila kuiona tena, na pikipiki ikabaki pale pale alipoiegemeza.

Tulikubaliana kuifufua na kuirudisha kwa mjane wake. Tulikuwa watu wanane ofisini, na kila mmoja alitoa shilingi 100,000 kutoka mfukoni mwake. Jumla ikawa shilingi 800,000. Fedha hizo ni ndogo sana ukikumbuka kwamba pikipiki mpya ya kazi siku hizi huuzwa kwa zaidi ya shilingi milioni tano. Tukanunua daftari la shule, tukaandika tarehe, na tukaapizana kwamba hakuna shilingi itakayotoka bila kuandikwa na bila risiti.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Honda CG 125 ya miaka ya mwanzo ya 1980. Vijana mnaoendesha Bajaj huenda hamuifahamu, lakini wazee wanaijua. Honda iliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako barabara ni mbovu, vumbi ni jingi, na mwenye pikipiki hana desturi ya kuipeleka kwa fundi hadi ikatae kuondoka. Waundaji wake hawakuweka mnyororo wa kuzungusha valvu juu ya injini. Waliweka vijiti vya kusukuma, ambavyo havihitaji kukazwa mara kwa mara. Cheni ya nyuma wakaifunika kwa kasha la bati, vumbi lisiifikie. Baadaye viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo, na pikipiki nyingi zinazobeba ndizi na makreti ya soda mpakani kwenu ni wajukuu wake. Jambo hilo ndilo lililotupa tumaini, kwa maana babu akiwa na wajukuu wengi, nguo za kuazima hazikosekani.

Tulimtafuta fundi, mzee wa makamo aliyejifunza kazi kabla ya wengi wetu kuvaa sare. Alitupa sharti moja: hakuna kulazimisha. Kiki ya pikipiki ilikuwa imegoma kushuka, kwa sababu pistoni ilishikana na silinda kwa kutu. Kijana mwenye pupa angeirukia kwa miguu miwili na kuvunja meno ya ndani, na hasara ingezaa hasara. Fundi alifungua plagi, akamimina oili iliyochanganywa na dizeli katika tundu lake, akaifunika kwa kitambaa, akatuambia tuende nyumbani. Kila jioni aliongeza kidogo. Siku ya tisa alilitia gurudumu la nyuma katika gia ya juu, akalisukuma taratibu mbele na nyuma, na tukasikia mlio mdogo kama wa mlango wa zamani unaofunguliwa. Injini ilikuwa imeachia, na haikutugharimu zaidi ya bei ya chupa moja ya mafuta.

Tanki la petroli lilijaa kutu kama chungu kilichosahauliwa mvuani. Lilikuwa na tundu moja chini, na mmoja wetu alipendekeza lipelekwe kuchomelewa siku ile ile. Fundi alimkazia macho. Tanki lililowahi kutiwa petroli, hata likikaa miaka ishirini, laweza kuwa na mvuke ndani yake, na mvuke huo ukikutana na cheche hulipuka kama bomu. Tulilisafisha kwanza: tukatia siki na nati za zamani, tukalitikisa kwa zamu hadi mikono ikafa ganzi, tukalisuuza kwa maji ya sabuni mara nyingi, tukalianika juani siku nzima. Baada ya hapo ndipo mafundi vyuma wa Katwe, mtaa usiokosa mlio wa nyundo, wakaliziba. Tunawaomba vijana wa magereji yaliyo mpakani mlishike neno hili hata kama mtayasahau yote mengine tutakayosema leo.

Silinda ilichongwa ili kuondoa mikwaruzo, na tukanunua pistoni kubwa kidogo ya kuijaza, pamoja na ringi zake. Fundi hakukubali kununua kwa jina. Alikwenda na chombo cha kupimia, akaipima kila pistoni mbele ya muuzaji, kwa sababu spea za wajukuu hufanana na za babu lakini si zote zinazoingia. Kabureta haikununuliwa. Ilifunguliwa, vijitundu vyake vikazibuliwa kwa unywele mmoja wa waya mwembamba wa shaba, ikarudishwa. Platini zilisuguliwa kwa msasa laini. Umeme wa pikipiki ile ni wa volti 6, na duka la kwanza lilitaka kutuuzia betri ya volti 12 kwa maelezo kwamba "kubwa ni bora zaidi". Tungeikubali, balbu zote zingeungua usiku ule ule.

Tulizunguka Kisekka, tukazunguka Ndeeba, tukauliza bei mahali patatu kabla ya kununua mahali pamoja. Daftari letu lasema hivi. Injini, yaani pistoni na ringi, gasketi, kuchonga silinda, sili na oili, ilikula shilingi 165,000. Tairi mbili na mipira ya ndani, 170,000. Cheni na spoketi, 50,000. Breki na nyaya za klachi na mafuta, 45,000. Betri, waya na balbu, 70,000. Rangi na msasa, 55,000. Kushona kiti, 35,000. Kuziba tanki na kunyoosha rimu, 50,000. Ufundi, 120,000, na fundi huyo alitupunguzia kwa sababu alimfahamu marehemu. Zikabaki shilingi 40,000 za plagi, petroli ya kujaribia na nauli. Tulimaliza bila kudaiwa, lakini pia bila senti moja ya ziada. Usione vyaelea, vimeundwa.

Ndugu zetu, hadi hapa mnaweza kusema: hii ni habari njema ya watu waliobana matumizi, basi polisi wanatueleza ya nini? Sasa ndipo tunapofika penye uzito.

Katika wiki ya pili, kabla injini haijaachia, tulikuwa tumeanza kukata tamaa. Mmoja wetu alikutana na mtu katika gereji moja ya pembezoni mwa jiji, akaelezwa kwamba ipo injini nzima, iliyo hai, ya aina ile ile, kwa shilingi 200,000. Tulikwenda kuitazama. Ilikuwa safi, na kwa kweli ilikuwa bei ya kutupa. Injini nzima ya namna ile kwa kawaida huuzwa kwa fedha nyingi zaidi ya hizo. Muuzaji alitupigia kiki mara moja tu ikanguruma. Tulitazamana kwa furaha. Ndipo koplo wetu mkongwe akachuchumaa, akapitisha kidole chini ya silinda, mahali ambapo nambari ya injini hupigwa mhuri kiwandani. Palikuwa laini kama kigae. Mtu alikuwa amepasugua kwa jiwe la kusagia.

Muuzaji alipoona tumenyamaza alisema, "Wakubwa, hii imetoka ng'ambo. Huko hakuna atakayeiuliza."

Tulimjulisha sisi ni akina nani, na mambo yaliyofuata yako mikononi mwa wapelelezi, hatutayazungumza hapa. Lakini tunataka kukiri mbele yenu jambo moja. Kwa muda wa dakika chache, kabla ya kidole cha koplo, watu wanane wa polisi walikuwa tayari kununua injini ya wizi. Hatukuwa waovu. Mfuko wetu ulikuwa mwembamba, na mfuko mwembamba huwa na sauti kubwa sikioni kuliko dhamiri. Ikiwa sisi tuliovaa sare tulikaribia kuteleza, tunaelewa kwa nini kijana wa kijijini, ambaye mkopo wa pikipiki unamkaba kila wiki, huteleza.

Hata hivyo, hebu tufuate injini ile tukirudi nyuma hadi ilikotoka. Ilikuwa chini ya kiti cha mtu fulani. Mtu huyo alikuwa na mkopo, au mke anayesubiri unga, au watoto wanaosubiri karo. Mnajua ninyi, kuliko sisi, jinsi pikipiki zinavyoibwa. Abiria huomba apelekwe mahali pa giza, na mara nyingine mwendeshaji harudi nyumbani akiwa hai. Mwizi haendeshi pikipiki hiyo mjini, huivunja. Fremu huenda huku, injini huenda kule, tairi huuzwa usiku ule ule, na vipande huvuka mpaka kwa njia za panya ndani ya magunia ya mkaa au mahindi. Cha Kenya huuzwa Uganda, cha Uganda huuzwa Kongo au Tanzania, kwa sababu muuzaji ana imani kwamba nambari ya upande mmoja haisomwi upande wa pili. Mpaka, ambao kwenu ni soko na ni ndoa na ni mazishi ya pamoja, kwake ni pazia tu.

Pazia hilo linazidi kuwa jepesi. Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki walikutana hapa hapa Kampala mwaka 1998 wakaanzisha shirika lao la ushirikiano, EAPCCO, ambalo sekretarieti yake imo katika ofisi ya Interpol ya Nairobi. Pale Mutukula tangu mwaka 2017, na pale Busia tangu mwaka 2018, vituo vya pamoja vya mpakani humfanya msafiri akaguliwe mahali pamoja, upande ule anaoingia, na maofisa wa nchi mbili huketi chini ya paa moja. Lakini ofisi hukaa barabarani, na gunia la mkaa hupita shambani. Huko shambani mwenye macho ni ninyi. Hakuna kamera inayoujua mgeni wa kijiji kama bibi anayeanika mtama wake njiani.

Tulirudi kwenye injini yetu iliyokwama, safari hii tukiwa na subira, na kama mlivyosikia, iliachia. Tulidhani majaribu yamekwisha. Kumbe lililo kubwa lilikuwa mbele.

Familia ilituletea kadi ya usajili, ile ambayo wengi wenu mnaiita logibuku, ikiwa imekunjwa mara nne. Tulilinganisha nambari ya fremu: ilikuwa sawasawa, tarakimu kwa tarakimu. Tulilinganisha nambari ya injini. Haikuwa sawa. Tukasugua grisi, tukasoma tena kwa tochi. Haikuwa sawa hata kidogo. Injini ya mzee wetu wa usalama barabarani, mtu aliyekagua nambari za watu kwa maisha yake yote, haikuwa injini iliyoandikwa katika kadi yake.

Ofisi ilinyamaza kama nyumba yenye msiba. Mmoja wetu akasema, "Huyu ni marehemu. Tumwache apumzike. Tumkabidhi mama pikipiki yake, basi." Mwingine akasema nambari ile ni ndogo na imefifia, hakuna atakayechuchumaa kuisoma. Hakuna aliyethubutu kusema isuguliwe, lakini tuliona wazo hilo likizunguka chumbani kama nzi.

Tulibishana hadi jioni. Wiki chache kabla, tulikuwa tumemwambia mtu wa gereji kwamba nambari haina jamaa. Je, ingekuwa na jamaa sasa kwa kuwa marehemu alivaa sare kama yetu? Asubuhi tuliandika taarifa kwa wakuu wetu, tukaomba wakaguzi wa magari waitazame, na tukasimamisha kazi. Pikipiki ikarudi ukutani. Ilikaa hapo wiki saba.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumwambia mjane. Wawili wetu walikwenda hadi kijijini Busia, wakaketi juu ya mkeka wake, wakakunywa uji wake, kisha wakamwuliza injini ilitoka wapi. Mama yule alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Miaka yote hii hamkuja kumsalimu. Leo mmekuja, na mnamuuliza marehemu kama mnavyomuuliza mwizi?"

Hatukuwa na jibu, kwa kuwa alisema kweli. Tuliomba radhi. Tulimweleza kwamba tukificha jambo hili, siku moja mwanawe atasimamishwa barabarani na ofisa asiyemjua baba yake, na jina la mzee litachafuliwa mbele ya watu wakati hakuna wa kulitetea. Aliingia ndani. Alikaa huko kiasi kwamba tulidhani ametufukuza kwa adabu. Alipotoka alikuwa na bati la biskuti lililofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Ndani mlikuwa na vyeti vya ubatizo vya watoto, barua ya kustaafu, picha moja ya harusi, na karatasi mbili zilizobanwa pamoja.

Ya kwanza ilikuwa risiti ya duka, ya mwaka 1994, ya injini moja iliyotumika, yenye nambari iliyoandikwa kwa mkono. Tuliisoma polepole. Ilikuwa nambari yetu. Ya pili ilikuwa barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye mhuri wa RC1, kama mabaraza hayo yalivyoitwa wakati ule kabla ya kuitwa LC, ikishuhudia kwamba injini ya kwanza ilipasuka na kwamba mwenye pikipiki alinunua nyingine mbele ya mashahidi wawili. Marehemu aliweka karatasi hizo miaka yote, na mkewe akazitunza baada yake bila kujua kwamba ndizo zingemtetea.

Wenzetu walikwenda nje wakafuta macho. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile tuliongeza kwamba hata jina la mtu hupotea vivyo hivyo.

Tusimtukuze marehemu kupita kiasi, kwa maana yeye mwenyewe asingependa. Alikosa jambo moja: alipobadilisha injini, alipaswa kuifikisha nambari mpya kwa wasajili ili kadi irekebishwe. Hakufanya hivyo, labda kwa uzito wa foleni, labda kwa kudhani kwamba barua ya mwenyekiti inatosha. Kosa hilo dogo lilikaa kimya muda wote huo, kisha likamwamkia mjane wake. Nasi tulikosa letu: tulimkumbuka mwenzetu kwa sababu ya chuma chake, si kwa sababu ya watu aliowaacha.

Wakaguzi waliridhika. Nambari ya injini ilipitishwa katika kumbukumbu za wizi, haikuonekana. Familia ikaelekezwa mahakamani kupata barua za usimamizi wa mirathi, kwani mali ya marehemu haihamishwi kwa maneno matupu, kisha kwa wasajili kurekebisha kadi. Tufahamishane hapa kwamba usajili wa vyombo vya moto, ambao zamani ulikuwa kazi ya Mamlaka ya Mapato, sasa uko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Msimpe mtu wa mtaani fedha awafanyie "haraka haraka".

Asubuhi moja baada ya mvua, fundi alitia karibu lita moja ya oili, akafungua petroli, akapiga kiki. Haikuwaka. Akapiga ya pili, ikakohoa. Ya tatu ikawaka, kwanza kwa moshi wa buluu uliotufanya tukohoe sote, kisha kwa ule mlio mpole wa CG ambao wazee wa barabara wanaujua. Koplo wetu alivua kofia.

Hatukuiendesha hadi Busia. Haikuwa na bima bado, na sheria ya bima ya mtu wa tatu haimwachi askari nje. Tuliipakia katika lori lililokuwa likienda mpakani kwa kazi nyingine. Mwendeshaji wake leo si mwana wa kiume kama tulivyodhani, bali binti wa marehemu, mkunga wa kituo cha afya kilicho mbali na lami. Amekata bima, ana leseni, na helmeti aliinunua kabla hajagusa usukani. Mama yake huishika kadi iliyorekebishwa ndani ya bati lile lile la biskuti.

Wapendwa wajumbe, tunawaomba mrudi nyumbani na mambo manne.

La kwanza, chuchumaeni. Kabla ya kulipa, linganisheni nambari ya fremu na ya injini na zile zilizo katika kadi, kwa mwanga wa kutosha na bila haraka. Mahali palipolainishwa pameshasema kila kitu. Anayekukataza kuchuchumaa, mwachie bidhaa yake.

La pili, dai risiti hata ya spea ndogo, na pale penye uzito kama injini, iandikwe nambari, jina la muuzaji na mashahidi. Duka likikosa kitabu cha risiti, mwenyekiti wa LC1 hakosi karatasi na mhuri. Itunzeni kama mnavyotunza cheti cha mtoto. Na mkibadilisha injini, fikisheni nambari mpya kwa wasajili, msimwachie mjane kazi hiyo.

La tatu, pikipiki iliyonunuliwa ng'ambo si yako kikamilifu hadi ipite forodha na kusajiliwa. Bei ya njia ya panya huonekana ndogo kwa sababu sehemu yake kubwa hulipwa baadaye, na mara nyingi hulipwa katika chumba cha mahabusu.

La nne, semeni. Mkiona gereji inayovunja pikipiki usiku, au magunia yanayolia chuma yanapowekwa chini, mwambieni mwenyekiti, ofisa wa ulinzi shirikishi, au pigeni 999 au 112. Hamtalazimishwa kutaja majina yenu. Tunajua kwamba wapo miongoni mwenu wanaoogopa kutusemesha, na wapo waliowahi kusema wakajutia. Hatutawadai imani ambayo hatujaifanyia kazi. Tunachoweza kuwaahidi ni kwamba swali tulilomwuliza mtu wa gereji, tulimwuliza pia mwenzetu aliyelala kaburini, na tungekuwa tayari kupokea jibu chungu.

Mwizi wa pikipiki haishi kwa ujasiri wake. Huishi kwa mnunuzi asiyeuliza. Siku wanunuzi wa pande zote za mpaka watakapoanza kuchuchumaa, soko lake litafungwa bila risasi hata moja, na kijana wa boda boda atakayebeba abiria gizani atakuwa na hofu moja pungufu.

Mungu awafikishe salama, na mtakapopita Busia, mkiona pikipiki nyekundu ya zamani ikipita na mkunga juu yake, tafadhalini mpisheni njia.